Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Haya wapendwa, najua nimepotea. Wengine mlifikiri nimemezwa na Wachina, na kweli kwa miezi kadhaa nilikuwa kwao, Guangzhou, kwenye mafunzo ya waandishi wa habari niliyopelekwa na gazeti letu. Nimerudi na begi la chai, simu iliyopasuka kioo, na swali moja ambalo halijanitoka kichwani. Leo nalitua hapa, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Lilianza kwa utani. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mmoja mwenyeji, mwandishi kama mimi, jina lake naliweka kapuni. Siku za mwanzo nilikuwa namwita Mkantoni, kwa kuwa nilidhani kila mtu wa Guangzhou ni Mkantoni. Akanisahihisha taratibu, kama mtu ambaye ameshasahihisha watu mara elfu. Yeye ni Mhakka. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Akasema jina lao linaandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ni mgeni, ya pili ni nyumba au jamaa. Kwa kifupi, watu wageni.

"Wageni tangu lini?"

"Inategemea umemwuliza nani. Babu yangu atakwambia miaka elfu moja na mia saba."

Nilicheka sana. Nikamwambia kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamfafanulia. Yeye hakucheka kiasi hicho. Akasema, "Jembe tulijipa wenyewe. Tatizo lilikuwa shamba." Kisha akanialika kwao Meizhou mwisho wa wiki, nikamsikilize huyo babu mwenyewe.

Meizhou iko milimani, kaskazini mashariki mwa jimbo la Guangdong. Enzi za wafalme iliitwa Jiaying. Ukitoka kwenye tambarare ya Guangzhou, unaona vilima vinasogeleana mpaka mashamba yanabaki vipande vidogo vidogo bondeni, na unaanza kuelewa kwa nini watu wa huko wana sifa ya kuhama. Mpunga wenyewe hauna pa kukaa.

Nyumba ya babu yake ni zile wanazoziita weilongwu. Si nyumba ya familia moja, ni ya ukoo. Mbele kuna bwawa lenye umbo la nusu mwezi, katikati ukumbi wa mababu, pembeni safu za vyumba, na nyuma vyumba vimejipinda kufuata kilima. (Zile ngome za udongo za duara mnazoziona kwenye picha, tulou, ziko zaidi upande wa Fujian, na 46 kati yake ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na hata hizo si za Wahakka peke yao, majirani zao Waminnan nao walizijenga. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika vingine.) Vyumba vingi vilikuwa na kufuli. Vijana wako mjini. Mzee amebaki na mkewe, kuku, na mababu.

Nilimpa mikono miwili, nikamwita A-kung, ndivyo wajukuu wanavyomwita. Alifurahi. Kabla hata sijakaa alinishika mkono akanipeleka kwenye mlango wa ukumbi, akanionyesha maandishi juu ya kizingiti. Yingchuan. Rafiki yangu ni wa ukoo wa Chen, na Yingchuan ni jina la kale la wilaya iliyokuwa Henan, karibu na Mto Manjano, kama kilomita elfu moja kutoka pale tuliposimama. Yaani mlango wenyewe unakwambia, wenye nyumba hii si wa hapa.

Tukakaa. Chai ikamiminwa kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya kwetu, na mzee akaanza. Alizungumza Kihakka, mjukuu akanitafsiria kwa Kiingereza, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Kama kuna kitu kimepotea njiani, lawama tugawane watatu.

Safari ya kwanza, alisema, ni ya mwaka 317. Utawala wa Jin ulikuwa umevunjwa na makabila ya farasi kutoka kaskazini, miji mikuu imeanguka, na watu wenye elimu na nasaba wakavuka Mto Yangtze kwenda kusini. Safari ya pili ni ya karne ya 9, wakati Huang Chao alipoasi dhidi ya utawala wa Tang na jeshi lake likapita likiunguza. Hapo mzee akakaa vizuri, maana hapo pana hadithi. Huang Chao alikutana na mwanamke anakimbia, amembeba mgongoni mtoto mkubwa, mdogo anamkokota kwa mkono. Akamwuliza mbona kinyume. Mwanamke akajibu, huyu mkubwa ni yatima wa ndugu yetu, akifa huyu ukoo wao umekwisha, mdogo ni wangu, naweza kuzaa mwingine. Jemadari akaguswa moyo, akamwambia atundike mmea wa kutambaa mlangoni kwake na askari hawatamgusa. Mwanamke akaenda akautundika kwenye njia ya kuingilia bondeni, bonde zima likapona. Bonde hilo wanasema liko Shibi, wilaya ya Ninghua, Fujian, na ndiko Wahakka wa dunia nzima wanakokwenda kuwakumbuka mababu.

Safari ya tatu ilianza mwaka 1127, Wajurchen walipoiteka Kaifeng, ikaendelea mpaka Wamongolia walipoumaliza utawala wa Song mwaka 1279. Ndipo watu wakajaa hii milima ambako majimbo matatu yanakutana, Jiangxi, Fujian na Guangdong. Ya nne ni ya karne ya 17 na 18. Watawala wa Qing waliwafukuza watu wa pwani kuanzia 1661 ili kumkatia chakula Zheng Chenggong na meli zake, na baadaye pwani ilipofunguliwa tena ilikuwa tupu. Wahakka wakashuka kwenda kulima huko, wengine wakaenda Sichuan, wengine Taiwan. Ya tano ni baada ya vita vya karne ya 19. Hiyo ilivuka bahari, ikafika Malaya, Borneo, Jamaika, viwanda vya ngozi vya Calcutta, na hapa jirani kabisa na sisi, Morisi. Wachina wengi wa Morisi ni Wahakka, na wengi wao wametoka hiyo hiyo Meizhou. Noti ya rupia 25 ya Morisi ina sura ya Moilin Jean Ah-Chuen, Mhakka.

Mzee alitaja mambo hayo yote bila karatasi. Kisha akaleta karatasi. Kitabu cha ukoo, kimefungwa kwenye kitambaa, majina ya wanaume vizazi kwa vizazi, na kwenye ukurasa wa mwanzo, jina la kwanza kabisa, Yingchuan tena.

Wakati wa chakula A-po, yaani bibi, alileta tofu zilizotobolewa katikati na kujazwa. Kwa kawaida wanajaza nyama ya nguruwe, lakini mjukuu alishawaonya kwa simu, kwa hiyo yangu ilijazwa samaki. (Nilikula nane. Msiniulize.) Mzee akaniambia hata tofu hii ni ushahidi. Kaskazini watu walikuwa wanakula maandazi ya ngano yaliyojazwa nyama. Walipofika kusini hakukuwa na ngano, mikono ikakumbuka namna ya kujaza, ndipo wakajaza tofu.

Nikaandika hilo na kulipigia mstari. Kwa mwandishi wa makala, kitu kama hicho ni dhahabu. Ndipo mjukuu akaweka vijiti vyake mezani, akasema kwa Kiingereza, bila kumtafsiria babu yake, "Usiandike hivyo kama ukweli."

Basi bwana, ikaanza.

Alichosema ni hiki. Hesabu ya safari tano haikutoka kwa mababu. Ilitoka kwenye kitabu. Kilitolewa mwaka 1933, mwandishi wake ni Luo Xianglin, Mhakka wa Xingning, hapo hapo jirani. Luo alikusanya vitabu vya koo, akavisoma pamoja na historia za falme, akatoa safari tano zenye tarehe. Tangu hapo kila mzee anazisimulia kama alizipokea kwa babu yake. Tatizo, akasema, ni kwamba vitabu vingi vya koo viliandikwa enzi za Ming na Qing, mamia ya miaka baada ya safari zenyewe. Ukoo ukishapata uwezo unamwita msomi, msomi anaunganisha babu yenu wa kweli na mtu mashuhuri mwenye jina kama lenu. Yingchuan hiyo hiyo iko juu ya milango ya akina Chen wa Kikantoni na wa Kihokkien ambao si Wahakka hata kidogo. Na kila watu wa kusini wana kituo chao cha njiani. Wakantoni wanataja Zhuji Xiang, kichochoro kimoja huko Nanxiong, eti wote walipitia hapo. Wahokkien wanataja Gushi, Henan. Sisi tuna Shibi. "Kusini nzima imetoka kaskazini," akasema, "sasa hao waliokuwa wanaishi kusini walikwenda wapi?"

Swali zuri. Mwaka 1994 msomi wa Meizhou yenyewe, Fang Xuejia, aliandika kitabu akidai kwamba waliotoka kaskazini walikuwa wachache, na kwamba shina la Wahakka ni wenyeji wa milima hiyo, Wayue wa kale, waliochanganyika na hao wachache na kuchukua lugha na majina yao. Rafiki yangu yuko upande huo. Akanitajia watu wa kabila la She, ambao serikali ya China inawatambua kama kabila tofauti na Wahan. Wameishi na Wahakka mlima mmoja, na karibu wote leo wanazungumza lugha ambayo ni ndugu wa Kihakka. Halafu akamwangalia bibi yake aliyekuwa anatoa sahani. Wanawake wa Kihakka hawakufungwa miguu kama wanawake wengine wa Kichina, walilima, walibeba kuni, waliendesha nyumba waume wakiwa ughaibuni. "Mabibi wa kiungwana wa Henan," akasema, "walijifunza wapi kupanda mlima na mzigo?"

Mzee aliona sura zetu. Akadai atafsiriwe. Akatafsiriwa.

Sikuelewa maneno yaliyofuata lakini nilielewa sauti. Mzee alijibu kwa lugha. Kihakka kimetunza sauti za Kichina cha kale ambazo Kimandarini kimezipoteza. Kumi kwao ni "sip", imefungwa kwa midomo, na Beijing wanasema "shi" hivi hivi, mdomo wazi. Sasa nani Mchina zaidi? Mjukuu akamjibu kwamba Wakantoni nao wanasema "sap", midomo imefungwa vile vile, na babu hajawahi kusema Wakantoni ni wana wa wafalme. Hapo A-po alicheka jikoni. Mzee hakucheka.

Mimi nilikuwa na la kwangu, maana usiku kabla ya safari nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimekipenda kitabu cha Sow-Theng Leong kilichotoka mwaka 1997, baada ya mwenyewe kufariki. Yeye hatafuti damu ya nani. Anaangalia uchumi. Anaonyesha kwamba watu wa milimani walishuka kila biashara ya mabondeni iliponawiri, wakafuata migodi, mashamba ya kukodi na kazi za vibarua, na uchumi ulipobana wakagombana na wenyeji. Na jina lenyewe la "wageni" lilishika moto huko walikoshuka, pale walipokutana na waliojiita watu wa mahali, Wapunti. Juu milimani kwao hawakuwa wageni wa mtu yeyote. Niliona hoja hiyo imemaliza kesi. Kwa hiyo mzee aliponigeukia na kuniuliza, wewe mwandishi, mgeni wetu, unasemaje, nilijibu kwa kujiamini kabisa:

"A-kung, kwani kuna ubaya gani kuwa mtu wa hapa hapa?"

Mjukuu alisita kutafsiri. Nilipaswa kuelewa hapo. Nikamhimiza.

Mzee alinyamaza. Kisha akachovya kidole kwenye chai akaandika mezani alama moja, nikaitambua, ile ya mgeni. Halafu upande wa kushoto akaongeza mistari mitatu. Akaniangalia. Mjukuu alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo mitatu ni alama ya mbwa."

Zamani, Wapunti walipoandika habari za Wahakka, kwenye baadhi ya vitabu vya wilaya na vya serikali, waliiandika hivyo. Mgeni mwenye mbwa ubavuni. Ndivyo walivyoyaandika makabila waliyoyaona hayajawa watu sawasawa. Na haikuishia kwenye wino. Kusini magharibi mwa Guangzhou, kuanzia 1855 hadi 1867, Wapunti na Wahakka walichinjana kijiji kwa kijiji. Makadirio ya waliokufa yanakwenda kwenye mamia ya maelfu. Mateka waliuzwa kupitia Macau, wakapakiwa kwenye meli za vibarua kwenda Cuba na Peru. Vita vilipokwisha, serikali iliwakatia Wahakka eneo lao, Chixi, iwatenganishe. Wakati huo huo Mhakka mwingine, Hong Xiuquan, alikuwa ameanzisha uasi wa Taiping uliodumu kuanzia 1851 hadi 1864 na kuua watu kwa mamilioni, na baada ya hapo kuitwa Mhakka ilikuwa karibu sawa na kuitwa mwasi.

Babu yake mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule, na alimsimulia mambo ya baadaye, ya kwenye vitabu vya wanafunzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kitabu cha shule cha jiografia ya Guangdong kilifundisha watoto kwamba Wahakka si Wahan. Mwaka 1920 shirika kubwa la uchapishaji la Shanghai lilitoa kitabu cha jiografia ya dunia, kwa Kiingereza, kilichowaweka Wahakka kwenye kundi la makabila ya porini. Wahakka wakachachamaa, wakafanya mikutano, na mwaka 1921 wakaunda chama chao Hong Kong. Mwaka 1930 tena, jarida la idara ya serikali ya Guangdong likaandika dharau zile zile. Miaka mitatu baadaye Luo Xianglin akatoa kitabu chake.

Nikapiga hesabu. Luo alizaliwa 1906. Mwaka 1933 alikuwa na miaka 27. Umri wangu huu huu, wapendwa. Kijana wa miaka 27 anaandika kitabu wakati watu wanabishana kama bibi yake ni mtu. Angeandika nini? "Tumechanganyika, kama watu wote"? Kwa kweli hiyo ndiyo ingekuwa hoja nzuri zaidi, na ndiyo ambayo isingemsaidia hata kidogo. Akachukua ushahidi uliokuwepo, vitabu vya koo, akajibu tusi kwa nasaba.

Haimaanishi kwamba alikuwa sahihi. Hili nataka lieleweke, maana kuna wasomaji wangu wanaopenda kila kitu kiishie kwenye huruma. Luo alivuta kamba mno. Mwaka 1942 alitoa kitabu kingine cha kuonyesha kwamba Sun Yat-sen, baba wa taifa lao, asili yake ni Mhakka, na wasomi wamelipinga hilo mpaka leo. Na ukishamwambia mtu kwamba yeye ni Mchina safi kuliko Wachina wengine, tayari kuna mtu mwingine umemsogeza upande wa mbwa. Watu wa She wako pale pale, mlima ule ule, wanasikiliza.

Vinasaba vimewapa wote wawili kitu cha kushika. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya Wahan wa kusini kwa jumla. Ukifuata ukoo wa baba kwa baba, wanafanana sana na wa kaskazini. Ukifuata mama kwa mama, kusini inaingia kwa nguvu zaidi. Wahakka nao wamepimwa na picha haiko mbali na hiyo. Kitabu cha A-kung kina majina ya wanaume tu. Kwa wanaume kinaweza kuwa na ukweli mwingi kuliko mjukuu anavyotaka. A-po hayumo.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya tofu.

Mama yangu ni wa Mkokotoni, kaskazini Unguja. Baba yake, babu yangu, alikuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo kwamba sisi ni Washirazi. Ile habari mnayoijua, mtawala wa Uajemi na wanawe, jahazi saba, kila mmoja akashukia bandari yake. Nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu nilikwenda likizo na kichwa kimejaa nadharia. Babu akaanza kusimulia, nikamkata. Mbele ya wajomba na watoto nikamweleza kwamba wanahistoria walishathibitisha hizo ni hadithi za kujikweza, kwamba watu wa pwani ni Waafrika waliojitungia Uajemi ili wawe karibu na Waarabu, na kwamba ni aibu mtu mweusi kutafuta heshima Shiraz. Nilisema hivyo hivyo, "aibu". Babu akaitikia, "Haya, msomi." Hajanisimulia tena. Miaka imepita, nikienda ananiuliza habari za kazi na bei ya mchele.

Mwaka 2023 jarida hilo hilo la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu, ya Mtwapa, Kilwa, Manda na kwingineko. Kwa wengi wao, mama walikuwa Waafrika. Baba, kwa sehemu kubwa, walitoka Asia, na wengi wa hao ni Waajemi, mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000 hivi. Niliisoma habari ile ofisini. Niliitafsiri kwa ajili ya gazeti, ikatoka, na sikumpigia babu.

Sijui kama damu ya babu ina Mwajemi. Naye hakuniomba kipimo. Alikuwa amezaliwa katika zama ambazo cheti na mgao vilitegemea umeandikwa nani, na alikuwa na jina moja la kujikinga nalo. Mimi nikalichukua mbele ya wajukuu zake kwa sababu nilikuwa nimesoma vitabu viwili.

Asubuhi yake nilimwomba A-kung radhi. Mjukuu alitafsiri, nadhani kwa kuongeza chumvi, maana mzee alicheka akanipiga bega. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: kwamba anajua kurasa za mwanzo za kitabu cha ukoo zilinunuliwa. Baba yake alimwambia. Kuanzia kizazi cha yule aliyejenga nyumba, hapo ndipo anaapa. "Lakini," akasema, "hizo kurasa za kununua ziling'olewe na nani? Na mwaka gani?"

Makala yangu ilitoka baada ya wiki mbili. Niliandika maneno elfu moja na mia mbili yenye pande zote, yakabaki mia nne, na kichwa cha habari walichokiweka mezani kwa mhariri kilisema Wahakka ni watu waliohama mara tano. Rafiki yangu alinitumia picha ya ukurasa na alama ya kucheka. Sina la kusema, nafasi gazetini ni nafasi.

Jumapili iliyopita nilimpigia babu. Nikamweleza habari za A-kung, nyumba ya nusu mwezi, tofu, mmea mlangoni, vita, na mbwa. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Sasa hao wageni, wamekaa hapo miaka mingapi?"

"Kwa uchache mia saba, babu."

"Na hao waliowaita wageni, wao walikuja lini?"

Nikamwambia nao wanasema walitoka kaskazini. Alicheka, kicheko changu cha utotoni, mpaka akakohoa. Nikapata ujasiri, nikamwomba anianzie tena ile habari ya jahazi. Akasema kwenye simu haiwezekani, salio langu litakwisha kabla hajafika kwa babu wa tano. Niende Mkokotoni, nilale siku mbili tatu, na nichukue daftari. "Kubwa," akasema, "siyo hicho kikaratasi chako cha gazeti."

Boti ni Ijumaa.